Sakafu ya Nguzo ya Saba

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu Rula,

Salamu zako, za wifi yangu, na za mtoto wenu anayeng'oka meno. Sisi huku tupo. Kikohozi kimemwacha Baba, ila masikio ndiyo yamekwisha kazi: nikimwambia chai iko tayari, ananijibu kuwa jana hakutoka. Mlango wa uani umerekebishwa. Mimi nina kazi, na kazi yenyewe imetoka kwako ingawa hukuniambia. Msimamizi wa ujenzi alikuja dukani akitafuta fundi wa kushona mapazia meusi ya ukumbi mkubwa wa ghala, ule mnaotaka uwe giza ili watu watazame picha zinazotembea ukutani. Nimemchukua mwanafunzi wangu mmoja na cherehani kubwa, tunashonea humohumo ndani.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu hupokei, na ukipokea uko mkutanoni. Dereva wenu anayeleta michoro kila wiki amekubali kuitia barua hii kwenye bomba la michoro. Yeye ana adabu.

Sasa nisikilize. Juzi niliingia ofisini kwa msimamizi, kwenye lile banda la mabati, kuchukua vipimo vya fimbo za mapazia. Ukutani wamebandika karatasi ya maneno yatakayoandikwa kwenye lango la jumba la makumbusho, herufi kubwa, ili kila anayekuja kutazama sanaa ya kisasa ajue ghala lilikuwa nini. Nikasoma. Pamba, miaka, tani, mwenye ghala wa kwanza na hekima zake. Halafu hii, nimeinakili neno kwa neno: "Mwaka wa ishirini na sita wa ghala, rundo la magunia lilianguka na kumuua mchukuzi mmoja, kwa uzembe wa mpangaji mkuu aliyesahau kulipima."

Chini yake kuna sahihi yako. Ninaijua, nimekufundisha mimi kushika kalamu.

Mchukuzi mmoja ni Mjomba, aliyenyonya ziwa moja na Mama yetu. Mpangaji mkuu ni Baba yako. Na Baba yako amepelekewa kadi ya mwaliko, kwa kuwa ndiye mfanyakazi pekee wa ghala aliyebaki hai. Atakaa kiti cha mbele siku ya ufunguzi, tarehe 30 Agosti. Masikio hana, lakini macho anayo, Rula. Anasoma gazeti bila miwani. Kila asubuhi anaitoa ile kadi chini ya mto, anaisoma, anairudisha.

Yaondoe maneno hayo.

Dada yako

*

Tarehe 2 Machi

Shikamoo Dada,

Natumai barua hii itakukuta salama, na Baba pia. Huku tunaendelea vizuri. Mtoto amepoteza jino la pili. Dada wa mke wangu amejifungua salama.

Nimefurahi kusikia umepata kazi ya mapazia. Sikukuambia kwa sababu sikutaka ionekane nimependelea ndugu.

Kuhusu maneno ya langoni: sikuyaandika mimi. Yameandikwa na familia ya mwenye ghala, ambao ndio wanaotoa jengo. Mimi ni msanifu majengo, napitisha mahali yatakapokaa na ukubwa wa herufi. Vilevile, Dada, tuseme ukweli. Baba aliulizwa mbele ya watu kama alilipima rundo lile, akajibu kwa mdomo wake, "Nilisahau." Hilo limo kwenye kumbukumbu. Siwezi kufuta jambo ambalo mwenyewe alilikiri.

Na usinifanye nionekane sina uchungu. Wewe ulikuwa umeshakua. Mimi ndiye niliyeingia darasani nikaitwa mtoto wa Nilisahau, kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Unadhani jina la Rula nililipata kwa kupenda hesabu? Nilibeba rula kila siku ili mtu yeyote asije akaniambia kuwa mimi sikupima.

Urefu wa mapazia ni mita nne na sentimita ishirini, kote.

Mdogo wako

*

Tarehe 15 Machi

Rula,

Salamu kwa wifi na mtoto. Baba ni mzima, ameniomba nimpunguzie mikono ya koti lake la kahawia, kwa ajili ya siku yenyewe.

Shikamoo yako imefika. Marahaba nimeiweka kabatini, utaipata siku utakaponijibu kama mtu.

Mita nne na sentimita ishirini, kote. Vizuri. Nimekata vipande kumi na viwili kwa kipimo hicho, meza moja, mkasi mmoja, mkono huuhuu. Nimeshona pindo, nimepiga pasi, vijana wa fimbo wamepandisha. Kumi vimegusa sakafu. Viwili, cha kushoto na cha kulia mwa nguzo ya saba, vimening'inia hewani na mwanga unapita chini yake. Msimamizi akanijia na mdomo wake. "Mama, wewe ni fundi gani, hata kipimo kimoja kinakushinda?" Mbele ya mwanafunzi wangu. Miaka thelathini nashona, sijawahi kuambiwa hivyo.

Nikavishusha. Nikavipima. Viko sawa na wenzake, hata uzi mmoja haukuzidi. Nikavipandisha tena, vikaning'inia tena. Basi nikapiga magoti, nikaweka vidole chini ya pindo. Vidole vinne vilipita, na cha tano kikataka kupita. Nikapapasa sakafu. Pale kwenye nguzo ya saba kuna simenti ya rangi nyingine, kiraka kama cha suruali, na kiraka chote kimebonyea.

Unakumbuka Mjomba alifia nguzo ya ngapi? Hukumbuki, ulikuwa na miaka miwili. Nakwambia mimi. Ya saba.

Swali langu ni dogo. Wewe umelipima lile jengo lote, kona kwa kona, kabla hata ya jiwe moja kuguswa. Ulipofika nguzo ya saba uliona nini?

Dada yako

*

Tarehe 20 Aprili

Shikamoo Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Tumekuwa na ugeni, halafu mtoto aliugua tumbo, sasa hajambo. Wifi yako anakusalimu sana na anauliza kama bado unashona magauni ya wasichana wadogo.

Majengo ya zamani yote yana sakafu zisizo sawa. Si jambo la kushangaza. Sakafu nzima ya ukumbi itasawazishwa kwa zege jipya tarehe 10 Mei na kung'arishwa, kwa hiyo tatizo la mapazia litakwisha lenyewe. Tafadhali acha vile vipande viwili kwa urefu uleule.

Mpe Baba salamu.

Mdogo wako

*

Tarehe 28 Aprili

Wewe,

Baba hajambo. Wifi mwambie magauni nashona. Salamu zimekwisha.

Mwezi mzima nimesubiri jibu, umeniletea tumbo la mtoto. Nilikuuliza uliona nini, unaniambia litafunikwa. Kwa hiyo unajua. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Rula, nimekulea. Ukiwa mdogo ukivunja kitu ulikuwa unaanza kwa kunisalimia.

Nikueleze ninachofanya sasa ili usikisikie kwa msimamizi. Cherehani yangu kubwa nimeiburuta mpaka juu ya kile kiraka, nguzo ya saba, na hapo ndipo ninaposhonea. Meza nimeweka hapo, kiti hapo, pasi hapo. Vijana wa zege wamekuja kupima, nimewaambia wapime kunizunguka. Msimamizi ameniambia nihame, nikamwambia pazia langu lina kasoro, bado naitafuta. Ameleta mlinzi. Mlinzi nimemshonea sare yake mimi, amenitazama, akaenda kunywa maji. Zege halimwagwi hapa mpaka nijibiwe.

Unasema Baba alikiri. Haya. Nikuulize: umewahi kumwona Baba akisahau kitu? Mtu anayekunja shuka mpaka pembe zinakutana? Mtu aliyekuwa anapanga kuni uani kana kwamba zinakwenda kukaguliwa? Baba hakusahau kupima rundo. Usiniulize najuaje. Najua.

Na Mama alikufa bila kujua. Miaka kumi na tisa alilala akimpa Baba mgongo, alimpikia, alimfulia, na hakumwita jina tena hata siku moja. Alikuwa anasema, "Mwambieni huyo kule, chakula kiko tayari." Wewe ulidhani ndivyo ndoa zilivyo.

Nina hasira. Nijibu.

*

Tarehe 9 Mei

Shikamoo Dada,

Sote hatujambo. Sina habari nyingine za nyumbani za kukupa, na nadhani hutaki.

Leo asubuhi nimempigia msimamizi, nimemwambia zege lisimwagwe. Nimesema kuna hesabu nataka kurudia. Kwa hiyo unaweza kwenda nyumbani ukapumzike.

Nitakujibu. Wakati tunaanza kazi, familia ya mwenye ghala ilitupa sanduku la makaratasi ya zamani ili tupate michoro ya msingi. Ndani yake nilikuta mchoro mdogo wa mhandisi waliyemwita kukagua sakafu, siku kumi na sita kabla Mjomba hajafa. Kati ya nguzo ya sita na ya saba amechora alama ya mkasi, akaandika: "Mfereji wa chini umekula udongo. Sakafu hapa inaning'inia. Mzigo usiwekwe kabisa." Pembeni, kwa mwandiko mwingine na wino mwingine, kuna maneno ya mwenye ghala: "Tungoje msimu upite."

Rundo halikuanguka kwa sababu lilipangwa vibaya, Dada. Sakafu ilikatika chini yake. Lingepangwa na malaika, lingeanguka.

Nimekaa na mchoro huo mwaka mmoja na miezi miwili. Nilitia sahihi kwamba sitatoa nje chochote kilichomo sandukuni. Hili ndilo jengo kubwa la kwanza lenye jina langu. Nilijiambia kuwa Baba ni mzee, jambo limelala, nikiliamsha atapata tabu bure. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Kuna jambo jingine, nalo lilinisaidia kunyamaza. Nilipoona mchoro, nilimkasirikia Baba zaidi. Kama alipima, kwa nini alisema hakupima? Nani anajitupia kosa la mtu kufa? Nimeligeuza swali hili kila upande. Na sasa wewe unaniandikia kuwa hakusahau, na nisikuulize unajuaje. Ulikuwa na miaka tisa. Ulikuwa unampelekea chakula kazini.

Nakuuliza.

Mdogo wako

*

Tarehe 17 Mei

Rula,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi chini, sakafuni, palepale.

Baba alikuwa na kikombe cha bati. Kila safu ya tano ya magunia alikiweka juu, akakijaza maji mpaka ukingoni, akainama kukitazama. Maji yakilala sawa, watu wanapandisha safu nyingine. Yakielemea upande mmoja, wanashusha hata kama jua limezama na kila mtu anamtukana. Wachukuzi walimtania kuwa anayalisha magunia chai. Lakini hakuna rundo lake lililowahi hata kupinda.

Siku ile nilimpelekea chakula mchana. Alikula, akanirudishia vyombo kwenye kikapu. Kikombe kilikuwa juu ya gunia pembeni. Nikadhani ni cha vyombo vyetu. Hapana, sikudhani. Nilikitaka. Kilikuwa na ua jekundu ubavuni na mpini mdogo uliotosha vidole vyangu. Nikakitia kikapuni, nikaenda zangu, nikakiosha, nikakifuta, nikakipanga jikoni, na nilijiona msichana mkubwa.

Alasiri hiyo akapanga bila kikombe. Alasiri hiyohiyo Mjomba akafa.

Jioni Baba alirudi na vumbi la pamba mpaka kwenye nyusi. Aliingia jikoni kunawa. Kesho yake wakamuuliza, "Kikombe chako kilikuwa wapi?" Akasema, "Nilisahau kupima." Angesema kimepotea, wangeuliza nani alipita pale, nami ndiye niliyepita pale.

Basi ndivyo ninavyojua. Miaka arobaini na moja nimeamini kuwa nilimuua Mjomba. Nimemwangalia Mama akimpa Baba mgongo, na mdomo wangu nimeuziba. Sikuolewa, watu wanasema nachagua. Nimebaki na Baba. Nimempikia, nimemfulia, sijamwambia.

Na wewe! Mwaka mmoja na miezi miwili umekaa na karatasi inayosema si kikombe, ni mfereji. Kila siku ya miezi hiyo mimi nimeamka na maiti. Umeogopa jina lako lisiondolewe kwenye mlango wa jumba la picha. Sijui nikutukane kwa lugha gani, mwenyewe nimenyamaza mara arobaini ya ulivyonyamaza. Hilo ndilo linalonichoma zaidi: nakukasirikia na sina haki hata ya kukukasirikia vizuri.

Lete huo mchoro.

*

Tarehe 30 Juni

Shikamoo Dada,

Nimeanza barua yako mara nne.

Sikuwahi kukufikiria. Nilimfikiria Baba, nikajifikiria mimi. Wewe nilidhani ni hasira tu ulizaliwa nazo.

Nikwambie jambo moja kama fundi, uliweke moyoni kabisa. Kikombe kisingesaidia. Kikombe hupima mzigo ulivyokaa. Sakafu ile ilikuwa sawa hadi dakika iliyokatika. Baba angeweka vikombe kumi, maji yangelala sawa katika vyote. Nimefanya hesabu zake mara tatu. Unajua mimi huwa sikosei.

Mchoro nimeupeleka kwenye mkutano, nikauweka mezani mbele ya mkurugenzi wa makumbusho, mhandisi wetu wa sasa na mjukuu wa mwenye ghala. Mhandisi alipousoma alikataa kumwaga zege juu ya shimo. Kiraka cha nguzo ya saba kitabaki kilivyo, kimezungushiwa kamba, mpaka mfereji uchimbuliwe mwakani. Mjukuu alisema nimevunja sahihi yangu. Ni kweli. Nimeondolewa kwenye kazi, jina langu halitakuwa mlangoni, na siku ya ufunguzi sikualikwa.

Maneno ya langoni wameyaondoa yote. Niliomba waandike yaliyo kweli, wakasema ukuta mweupe unapendeza zaidi. Kwa hiyo hakutakuwa na uzembe wa Baba, wala hakutakuwa na mchoro. Nimeshindwa hapo. Nakala ya mchoro imo ndani ya barua hii, ni ya Baba.

Mdogo wako

*

Tarehe 31 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa wifi. Gauni la mtoto wenu nimelituma na dereva, pindo nimeacha refu maana watoto hawasubiri. Ukuta wa uani umevuja mvua ya juzi. Baba ni mzima, na nina mengi.

Kwanza, nilimwambia. Nilitaka kumwambia polepole, lakini nani anaweza kumwambia Baba kitu polepole? Nimeungama kwa sauti ya mnada. "BABA, KIKOMBE NILICHUKUA MIMI!" Majirani wote wametoa vichwa. Akanitazama. "Najua," akasema. "Nilikikuta jikoni. Ulikuwa umekiosha vizuri." Nikamuuliza, kwa kelele zilezile, kwa nini basi hakusema, kwa nini alimwacha Mama aamini hivyo. Akasema, "Wangekuita wewe kule mbele. Ulikuwa mtoto. Na mama yako angekutazama vile alivyokuwa akinitazama mimi." Kisha akaomba chai.

Nililia, halafu nilimkasirikia siku tatu. Hakuniuliza kama nataka kubebewa. Ningepigwa, ningelia, ningekua, yangekwisha. Nilimwambia hivyo pia. Hakusikia, au alijifanya.

Mchoro wako aliusoma bila miwani. Aliyarudia yale maneno ya pembeni, "Tungoje msimu upite," kama mara tano. Akaingia chumbani, na nikamsikia anahamisha masanduku.

Jana tulikwenda. Ukumbi wameuwashia mwanga kwa ajili ya hotuba, taa zimefichwa darini, mapazia yangu yamesimama kama askari, isipokuwa mawili. Kuna ngazi ya vyuma isiyokwenda popote, kuna matairi yaliyoning'inizwa, na watu wameshika videvu. Hotuba zikasemwa. Mwenye ghala alishukuriwa, marehemu na uzao wake. Mjomba hakutajwa. Baba hakutajwa, ila walimwelekezea mkono wakasema "mzee wetu," watu wakapiga makofi. Nilikuwa nauma meno.

Makofi yalipokwisha Baba akainuka. Akatembea na koti lake la kahawia mpaka nguzo ya saba, akainua kamba, akapita. Mlinzi alitaka kumfuata, nikamtazama, akaghairi. Baba akatia mkono mfukoni, akatoa kikombe cha bati, ua jekundu limebaki nusu. Miaka yote hiyo kilikuwa chumbani mwake! Akakiweka katikati ya kiraka. Akachukua chupa ya maji waliyompa kama mgeni, akamimina mpaka maji yakaanza kumwagika upande mmoja, na upande wa pili bado kuna nafasi ya kidole kizima. Akainama, mikono magotini, akakitazama kama alivyokuwa akifanya. Halafu akasimama kando.

Watu wakaja. Wakazunguka kamba, wakafikiri ni sanaa. Wakapiga picha. Mkurugenzi aliniuliza kwa kunong'ona jina la msanii. Mwishowe mjukuu wa mwenye ghala mwenyewe akasogea, akatabasamu, akamwinamia Baba sikioni, akauliza kwa sauti kubwa, "Mzee, hii maana yake nini?"

Mara hii Baba alisikia. Akasema, ukumbi mzima ukamsikia:

"Maana yake sakafu yenu ilizama. Babu yako alijua. Mimi nilipanga vizuri."

Hakuna aliyepiga makofi. Mjukuu alikuwa wa kwanza kutoka.

Leo asubuhi nimekwenda kukichukua kikombe. Mlinzi amekataa, anasema ameambiwa kisiguswe, kila siku kijazwe maji. Mbele yake wameweka kibao kidogo, hakijaandikwa kitu bado. Mkurugenzi anataka maneno. Nimemwambia kaka yangu mdogo ndiye anayejua vipimo, angoje.

Kwa hiyo njoo. Bado nina hasira na wewe, na nitakwambia usoni siyo kwenye karatasi, kwa hiyo jiandae. Njoo na rula yako uandike kile kibao, utie jina la Mjomba, utie la Baba, na chini kabisa utie sahihi yako ileile niliyokufundisha. Baba anasubiri. Ameuliza mara mbili kama Rula bado anakunywa chai bila sukari.

Shikamoo zako zote nne nimezitoa kabatini.

Marahaba.

Dada yako